Sato kwenye risiti, perege kwenye mfuko: tathmini ya kituo cha vifaranga mkoani Pwani

Kituo ninachokitathmini hapa kinazalisha na kuuza vifaranga vya samaki mkoani Pwani, na bidhaa yake kuu ni ile ambayo bango lake la barabarani linaitangaza kuwa ni "sato dume tupu". Jina lake silitaji, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema si ya kumpendeza mwenye mali, na kwa kuwa kasoro nilizoziona hapo zinaweza kukutwa katika kituo chochote kinachochota maji mtoni. Nimenunua vifaranga hapo, nimewafuga hadi kuwauza, kisha nimerudi kununua wengine. Swali nililolipa uzito ni moja: je, samaki anayetiwa mfukoni ndiye aliyeandikwa kwenye risiti? Mfugaji aliyelipia sato anastahili kupewa sato, kwa maana ya Oreochromis niloticus, na si perege wa mtoni, wala chotara wa hao wawili ambaye hakuna ajuaye atakua kwa kasi gani.

Kuhusu huduma za kawaida sina la kulalamikia sana. Oda hupokelewa kwa simu, nusu ya malipo hutangulizwa, na siku ya kuchukua mzigo vifaranga huwa wameshahamishiwa kwenye tangi la maji safi na kunyimwa chakula tangu siku iliyotangulia, ili wasichafue maji ya mfuko wakiwa safarini. Mfuko wa plastiki hutiwa maji theluthi moja, nafasi inayobaki hujazwa oksijeni, mdomo wake hufungwa kwa mpira, kisha mfuko mzima huingizwa ndani ya mwingine. Bei ilikuwa shilingi 250 kwa kifaranga wa sentimita 3 hivi. Hesabu hufanywa mbele ya mteja, na kwa kila vifaranga 100 huongezwa watano wa kufidia vifo; kwangu waliokufa njiani walikuwa wachache kuliko hiyo nyongeza. Mteja ambaye haja yake ni samaki wafike nyumbani wakiwa hai anaweza kuishia kusoma hapa.

Lakini uhai wa kifaranga hauthibitishi spishi yake. Kwenye masoko ya pwani samaki wote wa jamii hii huuzwa kwa jina la perege, awe wa bwawani, wa mtoni au wa barafu kutoka Mwanza, na mlaji hapungukiwi na kitu kwa hilo. Anayepungukiwa ni mfugaji. Sato alichaguliwa kwa ufugaji kwa sababu ya ukuaji wake: porini anaweza kufikia urefu wa sentimita 60 na uzito unaozidi kilo 4, na aina zilizoboreshwa, kama ile iliyotokana na mradi ulioanza nchini Ufilipino mwaka 1988, zimeteuliwa kizazi baada ya kizazi ili zikue upesi. Perege wa mito yetu ya mashariki, Oreochromis urolepis, ambaye kwao ni Rufiji, Wami na mito jirani, ni samaki mtamu na ana uvumilivu mkubwa kwenye maji yenye chumvi, ila mfugaji hakumlipia yeye, wala hakununua magunia ya chakula kwa hesabu zake.

Ukaguzi wangu ulianza na jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita, nalo ni kuhakikisha kwamba waliomo kwenye matangi ni sikilidi, yaani samaki wa familia ya Cichlidae, ambayo ndiyo familia ya sato, perege, furu wa Ziwa Victoria, chambo wa Ziwa Nyasa na hata kuhe wa Kigoma. Familia hii ina alama ambazo hazihitaji hadubini kwa samaki aliyefikia ukubwa wa kiganja. Puani utaona tundu moja tu kila upande, ilhali samaki wengi wengine wenye mifupa wana matundu mawili kila upande. Ubavuni utaona kwamba ule mstari wa vitundu vya kuhisia mtikisiko wa maji umekatika: kipande cha kwanza huanzia nyuma ya kifuniko cha matamvua na kupita juu, karibu na mgongo, kisha hukoma, na kipande cha pili huanza safu kadhaa za magamba chini yake na kwenda hadi kwenye shina la mkia. Pezi la mgongo nalo ni moja lisilogawanyika, mbele likiwa na miiba migumu na nyuma likiwa na vijiti laini. Kila samaki mkubwa niliyemshika kituoni alikuwa na alama hizi. Hata hivyo, familia hii ina spishi zaidi ya 1,600 zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi, kwa hiyo kujua kwamba samaki ni sikilidi ni sawa na kujua wilaya anayotoka mtu bila kujua nyumba yake.

Jambo ambalo kituo hiki kinastahili sifa, na ndilo lililonirudisha mara ya pili, ni kwamba kinamruhusu mteja kuwaona samaki wazazi. Wauzaji wengi humwonyesha mteja beseni la vifaranga peke yake, na kifaranga wa sentimita 3 ni shahidi dhaifu. Karibu tilapia wote, yaani sato, perege na ndugu zao wa karibu, wakiwa wadogo, wana mwili wa rangi ya fedha, mikanda hafifu ya wima, na doa jeusi kwenye sehemu laini ya pezi la mgongo. Doa hilo analo sato mchanga kama alivyo nalo perege mchanga, na anayekuonyesha doa hilo kama ushahidi wa usato ama hajui au anakuuzia maneno. Hapa mhudumu aliingiza wavu kwenye tangi la saruji, akatoa dume mmoja mzima, akamlaza juu ya kitambaa kilicholowa maji, akautandaza mkia wake kwa vidole viwili.

"Kaka, hesabu mwenyewe hiyo michirizi," aliniambia.

Michirizi myembamba ya wima ilipita kwenye pezi lote la mkia, kuanzia shinani hadi ukingoni, juu na chini, kwa mpangilio usiokatika. Hiyo ndiyo alama kuu ya Oreochromis niloticus, na katika mazingira yetu hakuna alama nyingine ya nje inayoikaribia kwa uzito. Perege wa mtoni hana michirizi ya namna hiyo. Mkia wake ni wa kijivu usio na mistari iliyopangika, na ukipitisha ncha ya kidole juu yake utahisi magamba madogo sana yaliyoenea hadi ndani ya pezi lenyewe. Ngege, yule samaki wa asili wa Ziwa Victoria ambaye kisayansi ni Oreochromis esculentus na ambaye sasa yuko katika hatari kubwa ya kutoweka, naye hana michirizi hiyo. Wale wa jamii ya Coptodon, tilapia wa kundi jingine, wana mikia ya namna nyingine kabisa: Coptodon rendalli mara nyingi ana mkia wa rangi mbili, nusu ya juu ikiwa ya kahawia yenye vidoadoa na nusu ya chini ikielekea wekundu au manjano, na Coptodon zillii ana vidoa vilivyotawanyika, si mistari iliyonyooka.

Niliomba nitolewe samaki wengine, madume kwa majike, kutoka kila tangi la saruji, na mhudumu hakuonyesha kuchoka. Mikia yote ilikuwa na michirizi kamili, isipokuwa jike mmoja ambaye michirizi yake ilikuwa imara upande wa juu na kukatikakatika upande wa chini. Mkia wa namna hiyo ni dalili inayomfaa mnunuzi kuuliza maswali. Unaweza kutokana na kovu la pezi lililoraruka likaota upya, na unaweza pia kutokana na damu ya perege. Kwa kumtazama tu haiwezekani kukata shauri, kwa sababu chotara huweza kufanana na mzazi mmoja kiasi cha kumpoteza hata mtaalamu, na uthibitisho wa mwisho hupatikana kwa vipimo vya vinasaba. Mhudumu alisema jike huyo angetolewa kundini. Niliporudi baadaye hakuwemo tena kwenye tangi lile, alikokwenda sikuelezwa.

Rangi ya mwili ndiyo inayowadanganya watu wengi zaidi. Mnunuzi huja akiwa na picha kwenye simu, anamtazama samaki, anaona hazifanani, na anaondoka akiamini kwamba ametapeliwa. Ukweli ni kwamba rangi ya sikilidi hubadilika kwa dakika. Dume aliyetwaa eneo lake ndani ya tangi hukolea, na yule aliyefukuzwa pembeni hupauka, mikanda yake ya wima ikajitokeza na jicho lake likawa jeusi zaidi, ilhali wote wawili ni ndugu wa tumbo moja. Samaki aliyefugwa kwenye maji ya tope huwa mweupe wa fedha, na ukimhamishia kwenye tangi lenye sakafu nyeusi huanza kukoza rangi. Samaki aliyekufa naye hupoteza rangi nyingi alizokuwa nazo alipokuwa hai, hivyo kumtambua sato wa barafu kwa wekundu wa kidevu ni kazi bure. Michirizi ya mkia, kwa upande wake, hubaki.

Hata hivyo, rangi ina kazi yake pale unapojua ni nani wa kumtazama, naye ni dume aliyekomaa na aliye katika msimu wa kuzaa. Dume wa sato akifikia hali hiyo hupata wekundu wa waridi kichwani, kooni, kifuani na kwenye mapezi, na taya zake hazikui kupita kiasi. Dume wa perege wa mtoni huwa mweusi mwili mzima, kingo za pezi la mgongo na la mkia zikawa nyekundu, na taya zake hurefuka na kuwa nene hadi paji la uso linaonekana limebonyea. Ndugu yake wa kusini, Oreochromis mossambicus wa Zambezi ya chini na mito ya kusini mwake, huwa mweusi vilevile lakini koo na sehemu ya chini ya kichwa hubaki nyeupe. Kwa wale wa Kanda ya Ziwa kuna mbiru, Oreochromis variabilis, ambaye dume wake ana kingo za mapezi zenye rangi ya machungwa na kishada cheupe kinachoning'inia kwenye tundu la uzazi, alama ambayo ukishaiona mara moja huisahau. Katika matangi ya saruji ya kituo hiki madume yote niliyoyaona yalikuwa na wekundu wa sato na taya za kawaida, na hilo lilinipa imani zaidi ya michirizi peke yake, kwa kuwa alama mbili zisizotegemeana zilikuwa zinasema jambo lilelile.

Kulikuwa na samaki mmoja aliyekufa asubuhi hiyo, nikaomba nipewe. Nilimweka kwenye meza ya kuhesabia na kuinua pezi lake la mgongo kwa kijiti, nikahesabu miiba: ilikuwa 17, na kwa sato idadi ya kawaida ni 16 hadi 18. Kisha nilikata kifuniko cha matamvua kwa mkasi na kulitoa tao la kwanza. Upande wa ndani wa tao hilo, mkabala na nyuzi nyekundu za kupumulia, kuna safu ya vijino laini vya kuchuja chakula. Sato na wenzake wa jamii ya Oreochromis wana vijino vingi na vyembamba, zaidi ya 20 mara nyingi kwenye sehemu ya chini ya tao pekee, kwa sababu chakula chao kikubwa porini ni mimea midogo ya majini na mashapo laini. Coptodon, ambao hukata majani na magugu, wana vijino vichache, vifupi na vinene, kama 8 hadi 12 kwenye sehemu hiyohiyo. Vya huyu vilikuwa vingi na vyembamba.

Kipimo hiki kina mpaka wake, na ni vizuri kuusema kwa kuwa nimewasikia wafugaji wakikitaja kana kwamba kinamaliza kila kitu. Hesabu ya miiba na ya vijino inamtenga Coptodon na Oreochromis kwa uhakika mkubwa, lakini haimtengi sato na perege wa mtoni, ambao hesabu zao zinaingiliana. Kwa hao wawili inabidi kurudi kwenye mkia, taya na rangi ya dume aliyekomaa. Anayekuhesabia miiba na kukuhakikishia kwamba samaki wake si perege hajakuhakikishia chochote.

Tabia ya kuzaa nayo ni sehemu ya utambuzi, na kituoni inaonekana wazi. Mtafiti Ethelwynn Trewavas, aliyefanya kazi yake katika jumba la makumbusho ya viumbe la London, ndiye aliyewagawa tilapia kwa kufuata malezi ya mayai: wanaotaga chini na kulinda kiota, na wanaoatamia kinywani. Majike wa Oreochromis huatamia kinywani peke yao, bila msaada wa dume. Niliwakuta wahudumu wakikusanya mayai. Jike hukamatwa taratibu, hushikwa kichwa kikielekea chini juu ya beseni, mdomo wake hufunguliwa kwa kidole gumba, maji humwagiwa kupitia kwenye matamvua, na mayai ya manjano yenye umbo la peasi humiminika. Mayai hayo huhamishiwa kwenye chupa zenye maji yanayopanda kutoka chini ili yazungukezunguke kama yanavyogeuzwageuzwa kinywani mwa mama. Kazi hiyo ilifanywa kwa ustadi na kwa usafi, na kila beseni lilikuwa na namba ya tangi lilikotoka. Kama kituo kizima kingeendeshwa kwa nidhamu ya banda lile la mayai, tathmini hii ingekuwa fupi.

Tatizo liko nje, kwenye mabwawa ya udongo. Oda zinapozidi, matangi ya saruji hayatoshi, na kituo hujaziliza kwa vifaranga wanaovuliwa kwa kokoro kwenye mabwawa mawili yanayopata maji kwa mfereji kutoka mtoni. Mdomo wa bomba la kuingizia maji ulikuwa na wavu wenye matundu makubwa kiasi cha kupitisha punje ya mahindi. Kifaranga wa perege aliyetoka kuachwa na mama yake ana urefu wa sentimita 1 hivi na mwili mwembamba. Wavu wa namna hiyo haumzuii hata kidogo. Wavu wa kweli wa kuzuia vifaranga na mayai huwa na matundu yasiyozidi nusu milimita, husafishwa kila siku kwa kuwa huziba upesi, na nadhani hapo ndipo uvivu ulipoingia.

Nilipoomba kokoro lipitishwe kwenye bwawa lililo karibu na mfereji, walitoka samaki wa namna tatu. Wengi walikuwa na mikia yenye michirizi. Wachache walikuwa na mikia ya kijivu, na dume mmoja mkubwa kati yao alikuwa mweusi tii, kingo za mapezi nyekundu, taya zimechongoka: perege wa mtoni asiye na shaka yoyote. Wa tatu walikuwa samaki wadogo wa jamii ya Astatotilapia, ndugu wa furu, ambao dume wao ana madoa ya manjano yenye duara kwenye pezi la chini lililo nyuma ya tundu la haja. Madoa hayo yanafanana na mayai, na inaelezwa kwamba jike, akijaribu kuyaokota baada ya kutaga, huvuta mbegu za dume kinywani na mayai yake yakarutubishwa humo. Hao wadogo si hatari kubwa kwa mfugaji, kwani wanatambulika upesi na wanaweza kuliwa na kambale. Hatari ni yule mweusi, kwa sababu anazaa na sato, na watoto wao hutiwa kwenye mifuko ileile ya vifaranga wa shilingi 250 kila mmoja.

Madhara hayaishii kwenye mifuko ya wateja. Maji ya kituo hurudi mtoni, na sato anayetoroka huko si mwenyeji wa mito yetu ya mashariki. Akikutana na perege wa asili huzaliana naye, na baada ya vizazi kadhaa perege halisi, mwenye uwezo wake wa kustahimili chumvi na mazingira ya kwetu, huanza kupotea ndani ya machotara. Ziwa Victoria limeshaonyesha mfano: sato na tilapia wengine wageni walipandikizwa huko kuanzia miaka ya 1950, na ngege na mbiru, waliokuwa samaki wakuu wa wavuvi wa ziwa hilo, wakawa adimu, ingawa sangara na uvuvi wa kupita kiasi navyo vilichangia. Wavu mmoja wa matundu madogo kwenye bomba la kuingizia maji na mwingine kwenye la kutolea ungelinda pande zote mbili, na gharama yake ni ndogo kuliko lile bango la barabarani.

Nafika sasa kwenye neno la pili la bango, "dume tupu". Sababu ya kutaka madume inaeleweka: dume wa sato hukua haraka kuliko jike, na majike yakiwemo huanza kuzaa yakiwa bado madogo, bwawa likajaa vifaranga wanaogombania chakula, na mwisho wake ni samaki wengi wasiouzika. Kituo hupata madume kwa kuwalisha vifaranga wachanga chakula kilichochanganywa na homoni ya methyltestosterone kwa wiki tatu hadi nne za mwanzo, kabla jinsia zao hazijajipanga. Kazi hiyo ikifanywa kwa wakati na kwa kipimo sahihi, zaidi ya asilimia 95 ya samaki huwa madume. Ikichelewa, haifanyi kazi, na kifaranga aliyevuliwa bwawani kwa kokoro tayari amechelewa. Maana yake ni kwamba vifaranga wa mabwawa ya udongo hawawezi kuwa dume tupu, hata wote wangekuwa sato halisi, na bango halipaswi kuwahusu.

Katika ukubwa wa sentimita 3 jinsia haionekani kwa macho. Njia iliyopo ni kumpasua kifaranga, kuponda tezi yake ya uzazi juu ya kioo, kuitia rangi ya karmini na kuitazama kwa hadubini. Kituo hakifanyi hivyo, na kwa bei yake sikutarajia. Kuanzia gramu 20 au 30 mfugaji anaweza kukagua mwenyewe. Mgeuze samaki tumbo juu, paka GV kidogo, ile dawa ya zambarau ya vidonda, kwenye kipele kilicho nyuma ya tundu la haja, kisha futa: dume ana matundu mawili kwa jumla, la haja na moja la mkojo na mbegu kwenye ncha ya kipele, na jike ana matatu, kwa kuwa ana ufa wa mayai ulio peke yake katikati ya kipele. Kwenye mzigo uliotoka kwenye matangi ya saruji niliona majike machache mno. Kwenye mzigo uliochanganywa na wa mabwawani, karibu mmoja katika kila watano alikuwa jike, na baadhi ya madume hayakuwa na michirizi kamili mkiani.

Inafurahisha kwamba dume tupu waliwahi kupatikana bila homoni, na samaki wa kwetu alihusika. Mwaka 1960 mtafiti C. F. Hickling alichapisha matokeo ya kazi yake ya Malacca, katika Malaysia ya leo, ambako madume wa tilapia waliotoka Zanzibar, ambao ni wa ukoo wa perege wa Wami, walipandishwa kwa majike wa Oreochromis mossambicus na watoto wote wakatoka madume. Sisemi hivi ili kumpa mwenye kituo kisingizio cha yule dume mweusi wa bwawani. Njia ile ilitegemea wazazi walio safi kwa pande zote mbili na waliotengwa kwa uangalifu, na mara kundi moja likiingiwa na damu ya jingine, matokeo huharibika.

Tofauti ya mizigo miwili ilionekana zaidi wakati wa mavuno. Samaki wa matangi ya saruji walitoka wakiwa wanalingana, na mnunuzi wa sokoni aliwachukua wote kwa bei moja bila kuchagua. Wa mzigo mchanganyiko walikuwa na saizi tatu au nne, na chini yao kulikuwa na vifaranga ambao sikuwapanda mimi. Chakula kilikuwa kilekile na maji yalikuwa yaleyale.

Risiti nayo inahitaji kurekebishwa. Imeandikwa "sato" na idadi, basi. Haina namba ya tangi, tarehe ya kutotolewa, wala neno lolote kuhusu asili ya wazazi, ingawa taarifa hizo zipo kwenye daftari la banda la mayai na mhudumu alinionyesha bila kusita. Nilipomweleza msimamizi, mama wa makamo mwenye lugha ya upole, alinijibu kwamba wateja hawaulizi. Nilimwambia, "Mama, mimi nimeuliza," akacheka, akachukua kalamu na kuniandikia namba za matangi nyuma ya karatasi. Kwa mteja mmoja hilo linatosha, lakini kwa biashara inayopeleka maelfu ya vifaranga kwa watu wa mikoa mingine halitoshi.

Kwa mambo haya nakipa kituo alama nne kati ya tano kwa matangi ya saruji na banda la mayai, na alama moja kwa mabwawa ya udongo, na sioni haja ya kutafuta wastani, kwa sababu mteja hanunui wastani. Anayetaka kuagiza aseme kabla ya kutanguliza fedha kwamba anataka vifaranga wa matangi peke yake na yuko tayari kusubiri zamu yake. Mimi nilisubiri wiki chache kwa mzigo wa namna hiyo. Siku ya kuchukua afike asubuhi, aombe kutolewa mzazi wa kila tangi linalohusika, atandaze mkia mwenyewe, na aondoke na namba za matangi zikiwa kwenye risiti. Akiambiwa kwamba matangi yamekwisha lakini bwawani wapo wa bei nafuu, awaache huko, isipokuwa kama anatafuta chakula cha kambale.